Buto Nyekundu Juu ya Majina ya Batu

Siku ya kwanza telefone yangu iliposema boti yangu imeondoka, mimi nilikuwa nimekaa ndani ya hiyo boti, miguu juu ya gunia la muhogo, nakula mkate. Kamba ilikuwa imefungwa. Motere ilikuwa baridi. Na kule juu, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni Baraka, niliona abiria wangu wamesimama wanaangalia telefone zao, halafu mmoja mmoja wanageuka na mizigo yao kuelekea kwenye boti ya buluu.

Nikapiga kelele. "Munaenda wapi? Boti ni hii!"

Mama mmoja wa Lubondja, ndizi kichwani, akanijibu bila kusimama: "Iko imeshaenda, mama. Iko imeandikwa."

Imeandikwa! Mimi nimesimama mbele ya macho yake, boti nyuma yangu ndefu kama kanisa, na yeye anaamini maandishi.

Nieleze vizuri, maana hii habari inasimuliwa upande upande hapa kwetu na wengi wanacheka mahali ambapo hakuna cha kucheka.

Shule niliacha mwaka wa pili, na sioni haya kusema. Kusoma nilimalizia kanisani, kwa kitabu cha nyimbo, na kulinitosha. Nilianza na beseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, nikapanda boti za batu wengine mpaka nikachoka kukalishwa juu ya mizigo, nikatengeneza ya kwangu. Ni ya mbao, motere nyuma, inatoka Baraka kwenda Ubwari, kijiji kwa kijiji. Sikupewa na mume wala na shirika lolote. Na siku ya ine, ile ambayo wengine wanaita Alhamisi, ni zamu yangu mimi peke yangu; boti nyingine inapakia tu ya kwangu ikishaondoka. Siku nyingine boti zinapokezana, lakini ya ine ni siku ya soko kule Ubwari, na komite ya wenye boti ilinipa kwa sababu kwa miaka mingi sikuchelewa na sikuacha mutu. Ukitaka kujua mimi ni nani, usiulize kabila wala diplome. Uliza siku ya ine ni ya nani.

Basi akaja mukwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, aliyesomea mambo ya ordinateur, kompyuta, kule Bukavu. Akaniundia aplikasyon. Abiria anaandika jina lake kwa telefone yake akiwa nyumbani, na jina linakuja kwangu. Saa ya kuondoka ikifika, motere ikishapata moto, kabla ya kufungua kamba, ninabonyeza buto, yaani kile kitufe chekundu cha kwenye kioo, na kila aliyeandikwa anapata mesaji: boti imeondoka. Walio karibu wanakimbia, walio mbali hawajisumbui kushuka na mizigo bure.

Wazo ni zuri. Sitasema ni baya. Ubaya ulikuwa mahali alipoiweka buto yake. Majina yanapanda na kushuka, unayavuta kwa kidole kama unavyovuta nyavu. Lakini buto haivutiki. Imekaa upande wa chini wa kioo, katikati, mviringo, nyekundu, juu ya majina ya batu, kama mgeni aliyekuja kukaa juu ya mukeka ambao wenzake wamelala. Jina la mwisho liko chini yake. Ukitaka kulisoma, lazima ulivute juu. Na ukitaka kulivuta, kidole kinaanzia wapi? Palepale. Unagusa kidogo tu, hujavuta hata, na boti imeshaondoka katika telefone za Baraka nzima.

Siku ile ya kwanza mwenye boti ya buluu alijaza mpaka maji yakakaribia mbao ya juu. Alipopita karibu yangu akapunguza motere makusudi.

"Mama, boti yako sasa iko na akili sana. Yenyewe inaenda, we unabaki!"

Batu wakacheka, na kati yao walikuwa batu wangu.

Jioni nilienda kwa binti yangu. Sasa hapa ndipo kuna ugumu ambao wale walioiunda telefone hawakuufikiria. Kwetu, mama mukwe na mukwe wake wa kiume hawakai mukeka mmoja. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, nimeifuata toka nilipomwoza binti yangu wa kwanza, na siichezei. Kwa hiyo mukwe alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi upande huu, na binti yangu katikati, mtoto mgongoni.

"Mwambie buto inaondoa boti bila mimi," nikasema.

Binti akageukia ukuta, ingawa ukuta ule ni wa matete na mume wake alikuwa amesikia kila neno. "Mama anasema buto inaondoa boti bila yeye."

"Muulize mama kama aliigusa."

"Anauliza kama uliigusa."

"Nilikuwa nasoma majina! Nani alisema nimeigusa?"

"Anasema hakuigusa, alikuwa anasoma."

Nikasikia anakuna kichwa. "Basi telefone ije."

Binti akaizungusha telefone mpaka kule. Nikasikia kidole cha mukwe kinatupatupa juu ya kioo, haraka, kama mutu anayefukuza nzi. Halafu akasema maneno ambayo nikiyasikia hata leo damu inapanda: "Kwangu iko inatembea bien."

Kwake iko inatembea bien, vizuri kabisa! Kwani boti ni yake?

Lakini ni kijana wa heshima, akasema atatengeneza. Akafikiria kwamba mama mukwe ameshazeeka, macho yake hayaioni buto vizuri. Akaifanya kubwa. Naapa, akaifanya kubwa kama sahani ya ugali. Zamani ilikalia jina moja, sasa ikakalia majina matatu. Siku ya ine iliyofuata nilikuwa bado natafuta kama muchungaji wa Ubwari yumo kwenye orodha, na boti ikaondoka tena katika telefone za batu, mimi na pailoti wangu, yule anayeshika motere, tukiwa tumesimama ndani ya maji mpaka magotini tunapanga mifuko.

Nikarudi kwenye ukuta. "Mwambie imekuwa mbaya zaidi."

"Mama anasema imekuwa mbaya zaidi."

"Mwambie mama nimeelewa. Inamfunikia majina."

Akaifanya iwe kama glasi. Majina yakaonekana ndani yake, mekundu mekundu, kama samaki chini ya maji. Akafurahi sana kule nyuma ya ukuta, nilimsikia anamwonyesha binti. Lakini kitu kisichoonekana vizuri si kitu kilichoondoka. Sasa sikujua hata inaanzia wapi na kuishia wapi. Nikaigusa mara nyingi kuliko zamani. Nikaanza kusafiri na jasho, mimi ambaye nimevuka ule upepo wa mwezi wa saba bila kushika mbao.

Mara ya tatu akasema amepata dawa kabisa: ameiambia buto isishike kidole tena, kidole kipite ndani yake mpaka kwenye majina. Na kweli majina yakavutika vizuri, laini kama mafuta ya mawese. Nikamsifu. Nilimsifu kupitia binti, kwa sauti kubwa ili asikie mwenyewe.

Saa ya kuondoka ikafika. Motere ina moto. Nikabonyeza buto ili mesaji iende. Kidole kikapita ndani yake, kikagusa jina lililokuwa chini, na telefone ikampigia muchungaji.

"Alo? Mama? Iko nini?"

"Hakuna kitu, muchungaji, nabonyeza boti."

"Unabonyeza boti?"

"Kata, muchungaji, kata!"

Nikabonyeza tena. Muchungaji tena. Mara ya tatu hakushika, nadhani aliniombea tu. Tukaondoka bila mesaji kwenda, na nyuma yetu wakashuka bamama wawili waliotoka kwenye mashamba ya mbali, magunia ya maharagi mgongoni, wakakuta maji matupu.

Wale bamama hawakunyamaza, na walikuwa na haki. Komite ikaniita. Prezidenti wa komite ni muzee mwenzangu, tulianza wote kuuza samaki, na hakupenda kusema alichosema. Aliangalia chini alipokuwa akisema.

"Mama, tumekuheshimu. Lakini batu wanakuja kulia kwetu. Siku ya ine inayokuja, mutu yeyote aliyeandikwa kwako akibaki bandarini, siku hiyo tunaipa boti ya buluu. Na hairudi."

Mwenye boti ya buluu alikuwepo, anachokonoa meno. "Mi niko tayari hata kesho."

"Hakuna aliyekuuliza," nikamwambia.

Nilitoka pale na telefone mkononi. Mukwe wangu alikuwa ameshairudisha buto kama ya kwanza, maana angalau ile ilikuwa inatuma. Kwa hiyo nilikuwa nimerudi mahali nilipoanzia: siwezi kujua nani yuko kwenye orodha bila kumwambia kila mutu kwamba nimeondoka. Wengine wakaniambia acha telefone, rudi kwa mdomo. Niache vipi? Batu wote wa Ubwari walikuwa wameshazoea kujiandika. Asiyejiandika anaenda na boti ya buluu.

Siku moja kabla ya siku ya ine nikaenda tena kwa binti yangu, mchana. Mukwe nyuma ya ukuta. Binti katikati. Jirani upande wa pili anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mwambie leo lazima ieleweke."

"Mama anasema leo lazima ieleweke."

"Mwambie mama nimejaribu sana. Kwangu iko inatembea—"

Sikumwacha amalize. Nikasimama, nikashika kitenge changu, nikauzunguka ukuta.

Aliruka kama amekalia kaa la moto. Akaangalia chini, akaangalia jiko, akaangalia kuku, kila mahali isipokuwa upande wangu. Binti akasema, "Mama! Mama!" Sauti ya kinu kwa jirani ikakatika.

"Ikaa," nikamwambia.

"Mama, haifai..."

"Na kupoteza siku ya ine, hiyo inafaa? Ikaa kwenye mukeka. Usiangalie mimi. Angalia kidole."

Jirani akachungulia juu ya matete. "Eee! Mama mukwe na mukwe mukeka moja! Niite batu?"

"Twanga sombe yako!"

Akakaa kwenye ncha ya mukeka, mgongo umenyooka kama mutu anayepigwa picha ya karte ya kitambulisho. Nikakaa kwenye ncha nyingine. Telefone yangu nikaiweka katikati. Akaweka majina ya uongo uongo ya kujaribia, yanayoishia kwenye telefone yake tu. Nami nikasoma kama ninavyosoma siku zote, kama nilivyofundishwa na kitabu cha nyimbo. Niliweka kidole chini ya jina la kwanza. Nikalifuata herufi kwa herufi mpaka mwisho wake. Nikashuka kwenye la pili. Nikalifuata. Nikashuka tena, polepole, bila kuinua kidole, na nilipofika chini nikataka kuvuta majina yapande, nikakiinua kidole kidogo na kukishusha palepale, juu ya buto, ili nipate nguvu ya kuvuta.

Telefone yake ikalia mfukoni. Boti imeondoka.

Alisahau heshima. Akauinamia ule mkono wangu kama daktari.

"Mama, we unasoma na kidole?"

"Sasa we unasoma na nini?"

"Na macho."

"Macho yanarukaruka. Kidole hakiruki jina la mutu."

Nilimwona anatikisa kichwa, si kwangu, kwa nafsi yake. Akasema polepole, maneno nusu ya Kifaransa, nami namwambia rudia, rudia kwa Kiswahili cha nyumbani. Alichosema ni hiki. Yeye, na vijana wote, wanashika katikati ya kioo na kutupa majina juu mara moja. Kidole chao hakifiki chini. Na ile buto aliiambia ikiguswa tu, itume, palepale, bila kungoja. Alitaka iwe ya haraka. Haiangalii kama kidole kinapita ama kimekuja kukaa.

"Mutu akipita mlangoni kwako akagusa ukuta," nikamwuliza, "unamwandalia chakula?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini buto yako inamwandalia?"

Akacheka. Mara ya kwanza nimsikie akicheka karibu hivyo. "Nitaiambia ingoje. Kidole kikigusa, inyamaze kwanza. Kikisogea, hicho ni cha majina, buto ikiache kivute, hata kama kimeanzia juu yake. Kikiinuka palepale bila kusogea, hapo ndipo iko yake, itume."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Miezi yote hii, buto kubwa, buto ya glasi, muchungaji, halafu ni hilo tu?"

Hapo akanijibu, na alinijibu mbele ya mke wake: "Mama, ningeona hicho kidole siku ya kwanza, ningemaliza siku ya kwanza. Mi nilikuwa nyuma ya ukuta."

Nikasema tu kwamba atengeneze kabla jua halijaingia, nikarudi upande wangu. Jirani alikuwa bado hajatwanga. Baadaye wazee wa familia walisema itatoka kuku ya kusafisha ule mukeka, na tuligombana kwa muda mrefu kama kuku itoke kwangu ama kwake, tukigombana kupitia binti.

Siku ya ine nilifika bandarini mapema. Prezidenti wa komite alikuwa tayari amesimama pale, mikono nyuma, kwa ajili yangu tu. Mwenye boti ya buluu alikuwa ameshawasha motere, ingawa haikuwa siku yake, akiita: "Ubwari! Ubwari! Hii haidanganyi!"

Nikafungua orodha. Nikaweka kidole. Nikasoma jina kwa jina, nikashuka, nikafika kwenye ile nyekundu, nikaanzia juu yake kabisa, nikavuta. Majina yakapanda. Buto kimya. Nikavuta tena, kwa hasira sasa, ili nione. Kimya. Jina la mwisho likatokea chini yake, safi, nikalisoma. Sijui kama nimewahi kusoma kitu kwa furaha hivyo.

Saa ikafika, motere ikapata moto. Nikaiwekea buto kidole, nikakiinua palepale. Nikasikia telefone ya pailoti inalia, na za batu ndani ya boti pia. Vizuri. Sasa watakimbia.

Hakuna aliyekimbia.

Ndani ya boti kulikuwa na nusu ya batu. Nusu nyingine walikuwa kule juu, kwenye kibanda cha chai, nyuma ya sheeting, lile turubai la plastiki. Niliwasikia kabla sijawaona. Telefone zinalia, na wao wanacheka.

"Inasema imeondoka!"

"Ikisema imeondoka ujue iko hapa bado. Mama, ongeza sukari."

Nilisimama kwenye ncha ya boti na sikujua nimtukane nani. Wakati buto ilikuwa inadanganya, waliiamini kama Maandiko. Sasa inasema kweli, wanaongeza sukari. Prezidenti alinitazama, halafu akatazama ile kamba. Kila mutu pale alijua: nikiondoka, nimewaacha walioandikwa. Nikingoja, nimechelewa, na kuchelewa pia ni kosa.

Nilishuka ndani ya maji, nikapanda ile barabara na kitenge kimelowa, nikaingia kibandani. Hawakuniona mpaka nilipoanza. Nilinyoosha telefone mbele, nikaweka kidole chini ya jina la kwanza, nikasoma kwa sauti ya kuita watoto kutoka shambani.

"Niko!" akasema aliyeitwa, mdomo umejaa.

"Simama."

La pili. "Niko, mama."

"Simama, na hiyo chai uiache ama uimeze."

Nilisoma wote. Kidole kilipita juu ya ile nyekundu mbele ya macho yao, kikavuta, hakuna telefone iliyolia. Wa mwisho alikuwa yule mama wa Lubondja.

"Mi nilijua uko," akaniambia, akitafuta kata yake ya kichwani. "Telefone ilisema umeenda."

"Chukua ndizi zako."

Walishuka wote mbele yangu kama mbuzi, wananung'unika, wananilaumu mimi. Prezidenti alisogea mpaka kwenye mbao, akawaangalia wakiingia, akageuka akaangalia kibanda. Hakukuwa na mutu pale isipokuwa mwenye chai, anayedai vikombe vyake. Prezidenti akanitikisia kichwa, akapanda kwenda nyumbani. Mwenye boti ya buluu akazima motere.

Siku ya ine ilibaki yangu na ni yangu mpaka leo. Lakini batu waliodanganywa hawaponi haraka. Kila siku ya ine napanda mpaka kwenye kile kibanda, nasoma majina kwa mdomo, nawasimamisha mmoja mmoja kutoka kwenye chai yao, kisha narudi chini na kubonyeza ile buto isiyo na kosa tena, kwa ajili ya nani sijui. Na jioni nikipita kwa binti yangu, mukwe anauliza kutoka nyuma ya ukuta kama iko inatembea bien.

"Mwambie inatembea," namwambia binti. "Halafu niletee maji ya moto, miguu inaniuma."